Mwenye wake wengi akiomba kubatizwa

Mwanamume mwenye wake watatu ameisikia Injili, ameamini, na sasa anaomba ubatizo. Mmisionari aliyetoka kwenye utamaduni mwingine amjibu nini?

Maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888 walijibu kwa ukali: mume huyo asibatizwe, ila aendelee kufundishwa mpaka aweze kuishika sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Ndoa ni ileile, mke anapokewa, mume anabaki nje.

Walioshika msimamo huo wasidharauliwe. Hawakuwa Wazungu pekee: Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Anglikana mwaka 1864, naye alipinga ndoa za mitala. Tena kuna hofu yenye msingi kwamba sharti likilegezwa, wapo watakaokimbilia kuoa kwanza, wabatizwe baadaye.

Lakini sharti hilo likifika nyumbani kwa mtu, anayeumia si mume. Mume anachagua mmoja wa kubaki naye, wala si lazima awe yule aliyemwoa kwanza. Wengine wanafunga mizigo. Pale ambapo watoto ni wa ukoo wa baba na shamba ni la ukoo huohuo, anayeachwa anapoteza watoto, riziki na heshima yake kwa siku moja, na kosa hana. Kanisa linalosoma Mathayo 19, kwamba alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, linakuwa limeidai talaka kama kiingilio. Hapo ndipo siwezi kukubaliana na uamuzi wa 1888. John William Colenso, askofu wa Anglikana wa Natal, Afrika Kusini, alikwisha kupinga wake kuachwa namna hiyo tangu miaka ya 1850.

Mwaka 1988 mkutano wa Lambeth ulibadili msimamo. Ndoa ya mke mmoja ilibaki kuwa mpango wa Mungu, lakini mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini. Anaahidi kutooa tena maadamu yupo hai hata mmoja wa wake aliokuwa nao alipoongoka; halazimishwi kumwacha yeyote; na jumuiya ya Waanglikana ya mahali hapo iwe imeridhia.

Sharti hilo la jumuiya kuridhia ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mgeni hajui nani atamtunza mwanamke aliyeachwa, majirani wanajua. Ila majirani nao wana upande wao. Baraza la wazee, wanaume watupu, laweza kuridhia bila mke yeyote kuulizwa neno, na huenda mmoja wa wake hao amekuwa akitamani kuondoka kwa miaka. Azimio la 1988 linataja ridhaa ya jumuiya. Ridhaa ya wake haimo. Mmisionari anayeiandaa familia ya namna hii azungumze na kila mke peke yake, mume asiwepo, kabla tarehe ya ubatizo haijapangwa.