Bakshishi ya Dereva wa Safari Haimhusu Mzungu Peke Yake

Kila likizo ya Desemba, familia na makundi ya marafiki wa hapa Mombasa huchangishana, hukodi gari la paa la kufunguka na kuelekea Tsavo. Nafurahi sana kuona hivyo. Zamani mbuga ilikuwa kama mali ya wageni wa hoteli za Diani na Nyali. Siku hizi, tangu SGR ianze mwaka 2017, unapanda treni Miritini asubuhi, unashuka Voi, na siku hiyohiyo unawatazama ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la kule. Kinachoniuma ni mwisho wa safari. Dereva tunampa mkono, tunamwambia "asante sana kaka", kila mtu anabeba begi lake, basi.

Ukiuliza, jibu liko tayari: "Huyo si analipwa na kampuni? Bakshishi ni mambo ya wazungu." Sikubaliani nalo hata kidogo.

Lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama mnatoka Mombasa kwa barabara na mnataka kuwahi wanyama kabla jua halijapanda, dereva yuko macho tangu saa nane usiku. Anawapitia mmoja mmoja, huyu Bamburi, yule Tudor, kisha anapambana na malori ya Mariakani gizani mpaka lango la Bachuma, na nyinyi huko nyuma mmelala. Mkiingia ndani ndipo kazi inaanza. Nakumbuka dereva mmoja aliyezima gari ghafla karibu na bwawa la Aruba, akatuomba tunyamaze. Hatukuona kitu. Yeye alikuwa anasikiliza nyani waliokuwa wakipiga kelele kwenye miti ya mbali, huku akitazama swala ambao wote walikuwa wamesimama wakielekeza vichwa upande mmoja. Akarudisha gari nyuma polepole, akasubiri. Haukupita muda, simba jike akatoka kichakani na watoto wake. Ujuzi ule haupatikani kwa kushika usukani tu. Jioni alipotushusha, bado alikuwa na gari la kuosha, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye mishono ya viti, kwa kuwa alfajiri kulikuwa na wageni wengine.

Halafu wengi wao si waajiriwa wa kudumu. Wanaitwa kwa safari, wanalipwa kwa safari. Mvua za masika zikianza, simu hazilii. Zile pesa za Agosti na Desemba ndizo zinazolipa karo ya Mei. Kwa hiyo anayesema dereva "ana mshahara wake" aulize kwanza.

Tumpe ngapi? Wageni kutoka nje huambiwa kwamba dola 10 kwa siku kwa kila mgeni ni kiasi cha heshima kwa dereva anayewaongoza, na wengi huongeza wakiridhika. Sisi wenyeji hatulazimiki kufika huko. Maoni yangu: mtu mzima akitoa shilingi 500 kwa siku, gari la watu saba linakusanya 3,500, na hakuna aliyeumia. Mchangishane mapema, mmoja wenu amkabidhi mkononi, kwa heshima, si kumrushia kupitia dirishani. Kama hamna pesa taslimu, M-Pesa ipo.

Mkilala hotelini, kumbukeni kwamba lile sanduku la bakshishi la mapokezi ni la wafanyakazi wa hoteli: anayetandika kitanda, anayeosha vyombo, anayefua mashuka. Dereva wenu hamo. Na ile ada ya huduma kwenye bili ya chakula vilevile haimfikii.

Kwa wageni wa ng'ambo nina ombi moja la dhati: msimwachie mtu sarafu za euro. Maduka ya kubadilisha fedha hayazipokei. Nimeona dereva akiwa na kopo zima la sarafu garini, akiomba kila mgeni mpya ambadilishie kwa noti kabla hajarudi kwao. Hiyo ni pesa aliyokwisha kuitolea jasho. Dola zilizochanika au za matoleo ya zamani ni hivyohivyo, hukataliwa. Toeni shilingi.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Bakshishi isiwe bei ya kuvunja sheria za mbuga. Wapo abiria, wageni na wenyeji, wanaomwambia dereva: "Tusogeze karibu na yule duma, tutakuona." Dereva anajua hairuhusiwi kuacha barabara na kukanyaga nyasi. Anajua pia kwamba duma akizingirwa na magari anaacha windo lake, na watoto wake wanalala njaa. Lakini akifikiria karo, mkono unageuza usukani. Akikamatwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wa kwanza kuadhibiwa ni yeye. Mimi ningependa tufanye kinyume: dereva akikataa kusogea, siku hiyo tumwongeze. Na tumpe vilevile siku ambayo chui hakuonekana, maana chui hana ratiba na dereva hakumficha.

Nanyi wenye kampuni za utalii hapa mjini, msijifiche nyuma ya bakshishi. Kumlipa mtu kidogo kwa kumwambia "nyingine utapata kwa wageni" ni dhuluma, kwa sababu mgeni anaweza kutoa na anaweza kukataa. Mlipeni kazi yake kamili. Kisha mnapomtumia mteja bei ya safari, muandikieni wazi kwamba bakshishi haimo ndani yake, na wateja wenzake hutoa kiasi gani. Mteja wa Kisauni aandikiwe hivyo, na wa Ujerumani pia.