Mwanafunzi mpya mpe epe, na kupangua kusubiri

Wapenzi wa mchezo wa vitara, yaani kupigana kwa panga nyembamba, tuna kasoro moja tukigeuka makocha: tunataka kumwaga yote siku ya kwanza. Matokeo yake mwanafunzi anajua majina manane ya kupangua pigo, yaani kulisukuma kando kwa kitara, lakini kusimama bado kunamshinda.

Kwenye klabu nyingi wanaoanza hupewa foili, aina moja ya kitara. Kwa mtu mzima naona ni kosa. Foili ni nyepesi, haifiki gramu 500, lakini ina sheria ya nani ana haki ya kushambulia. Watu wawili wakigusana kwa pamoja, mwamuzi ndiye huamua pointi ni ya nani, na mgeni hata haoni kilichoamuliwa. Epe, aina nyingine ya kitara, ina uzito usiozidi gramu 770, na kanuni yake inaeleweka kwa dakika moja: mwili mzima ni shabaha, anayegusa kwanza anapata. Wakigusana ndani ya sekunde 1/25, wote wanapata. Alexandra Ndolo, aliyeichezea Kenya Olimpiki ya Paris 2024, alitumia epe hiyo hiyo.

Mkao kwanza. Mguu wa mbele uelekee kwa mpinzani, wa nyuma ukae pembe mraba, visigino kwenye mstari mmoja, nafasi kati yao kama nyayo moja na nusu. Magoti yakunjwe. Mpini ushikwe kwa kidole gumba na cha shahada, vingine viegemee tu. Ukiukaba, ncha inacheza ovyo.

Halafu zoezi la glavu, ambalo kwangu ni bora kuliko mihadhara yote. Kocha anainua glavu usawa wa bega, mbali kiasi cha hatua moja ndefu ya shambulio, kisha anaiachia bila kutoa ishara. Mwanafunzi, mkono mtupu, aidake kabla haijagusa sakafu. Anayetanguliza mguu huikosa, kwani mwili unapofika glavu imeshashuka. Anayetanguliza mkono huidaka, na mguu unamfuata. Rudia mara 10, ndipo umpe kitara. Kosa lile lile kwenye pambano linamgharimu pointi: mguu ukitangulia, mkono bado umekunjwa, kifundo cha mkono kinabaki wazi na mpinzani anakigusa bila jasho. Na goti la mbele lisiingie ndani wala lisipite vidole vya mguu, la sivyo maumivu yatakuja mapema kuliko medali.

Kwa nini kupangua kusubiri? Anayefundishwa mapema huanza kufagia kitara kushoto na kulia kwa woga, na kila akifagia mkono wake unaachwa wazi. Kwanza ajifunze kurudi hatua moja huku ncha ikimtazama mpinzani. Hiyo peke yake humwokoa mara nyingi ajabu.

Kwenye vifaa sina mjadala. Mwaka 1982 mjini Roma, foili ilivunjika na kipande chake kikapenya barakoa ya bingwa wa Olimpiki Vladimir Smirnov, akafariki. Baada ya hapo chuma, mavazi na barakoa vikaimarishwa. Kwa hiyo barakoa yenye kutu au wavu uliobonyea isigawiwe mtu, hata kama ndiyo ya mwisho kabatini. Asiye na barakoa afanye mazoezi ya miguu; na kwa kweli, wengi wanayahitaji.