Mjenzi wa modeli hupimwa kwa alichokiacha

Mbele ya modeli nzuri ya meli, ya ndege au ya jengo, mtazamaji wa kawaida huinama, husogeza uso karibu, kisha huusifu mkono wa aliyeitengeneza: kamba nyembamba za milingoti, madirisha yasiyohesabika, ribiti zilizojipanga safu kwa safu juu ya bawa. Sifa hizo si za bure, kwa kuwa mkono mzito haujengi modeli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, zinatolewa pasipo mahali pake. Mkono mwepesi wanao watu wengi, wakiwemo wajenzi wa ridhaa ambao huwapita mbali baadhi ya wale wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kinachomtenga mweledi wa kweli ni uamuzi: kujua modeli inajengwa ili ijibu swali gani, la nani, na itatazamwa kutoka umbali gani, kisha kukubali kuacha, kunenepesha au hata kupotosha chochote kinachozuia jibu hilo lisisomeke, na kuwa tayari kueleza kwa nini amefanya hivyo.

Msingi wa jambo hili ni hesabu. Skeli ya 1:100 hugawanya kila urefu kwa mia moja, lakini eneo hugawanyika kwa elfu kumi na ujazo kwa milioni moja, huku jicho la mtazamaji, nuru ya chumba na punje za vumbi vikibaki na ukubwa wake ule ule. Chukua bomba la kushikilia kwenye ngazi ya jengo, lenye kipenyo cha milimita 40. Katika modeli ya 1:100 bomba hilo linakuwa na milimita 0.4, jambo linalowezekana kwa waya mwembamba na subira. Katika modeli ya 1:500 linakuwa na milimita 0.08, yaani unene wa unywele. Mwanagenzi mwenye bidii hatakubali kushindwa. Atachukua waya wa milimita moja, ataukata, ataukunja na kuugandisha usiku kucha, na asubuhi atakuwa na jengo ambalo kila ngazi yake ina bomba nene la nusu mita. Kazi ni safi, gundi haionekani, pembe zote zimekaa sawa, na bado modeli imesema uongo. Mweledi atachora mstari mmoja hafifu kwa ncha ya kisu, au ataliacha bomba lisiwepo kabisa, kwa sababu mtu anayelitazama jengo lenyewe kutoka umbali unaolingana na skeli hiyo halioni bomba hilo pia.

Ndege za plastiki hufundisha somo hilo hilo kwa njia nyingine. Plastiki iliyoyeyushwa haipiti vizuri kwenye nafasi nyembamba mno za kalibu, hivyo ukingo wa nyuma wa bawa katika skeli ya 1:72 mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa na unene wa nusu milimita, ambao kwenye ndege halisi ungekuwa milimita 36, unene wa ubao wa mlango. Anayeijua kazi yake, kabla ya kuunganisha nusu mbili za bawa, huulaza msasa juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, kisha husugua kila nusu kwa upande wa ndani, asije akafuta mistari ya paneli, yaani ya maungio ya mabati ya ndege, iliyo nje. Huenda polepole, huinua kipande kila baada ya muda na kukielekeza kwenye taa, na huacha pale plastiki inapoanza kupitisha mwanga ukingoni. Hakuna mtazamaji atakayesema kwamba ameiona kazi hiyo. Atakachosema ni kwamba ndege inaonekana kama ndege, na hataweza kueleza kwa nini ile ya jirani yake haionekani hivyo. Vivyo hivyo rangi: tabaka la sehemu ya kumi ya milimita, ambalo ni la kawaida kwa chombo halisi, likipakwa kwenye modeli ya 1:72 ni sawa na kuifunika ndege nzima kwa rangi yenye unene wa zaidi ya milimita saba. Na hapa niseme wazi kwamba mtindo wa kujaza wino mweusi katika kila mstari wa paneli, ambao huvuna sifa nyingi, haunivutii. Ndege halisi haina mitaro, na ukiitazama kutoka umbali unaolingana na skeli, karibu hutaiona mistari hiyo.

Skeli zenyewe, kwa njia, tusizitukuze kupita kiasi. Ile ya 1:72 imetokana na inchi moja kuwakilisha futi sita, na ile ya 1:35 ilianza pale kampuni ya Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipotengeneza modeli ya kifaru cha kivita ambayo ukubwa wake uliamuliwa na nafasi iliyohitajika kwa ajili ya mota na betri. Kufuata skeli ni sharti la kuanzia, lakini halitoshi.

Modeli ninayoitaja mara kwa mara ninapozungumzia weledi haina uzuri wa kuwekwa kabatini. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilikamilisha mwaka 1957, katika mji wa Sausalito, modeli kubwa ya maji ya Ghuba ya San Francisco. Swali lilikuwa moja na la wazi: je, mpango uliopendekezwa na John Reber wa kujenga kuta za kuziba sehemu za ghuba, ili ziwe maziwa ya maji baridi, ungefaa? Wajenzi waligawanya upana na urefu wa ghuba kwa elfu moja, lakini kina walikigawanya kwa mia moja tu. Laiti nacho wangekigawanya kwa elfu, mahali penye mita tano za maji pangekuwa na milimita tano, na maji ya kina hicho hayaendi tena kama bahari. Mnato na mvutano wa uso wake huyatawala. Lakini ghuba iliyochimbwa mara kumi zaidi ya stahili yake nayo ina kasoro, maana maji hupita kwa wepesi usio wa kawaida. Basi wakapanda sakafuni vipande vingi mno vya shaba vilivyosimama wima, ili vizuie mtiririko mpaka kujaa na kupwa kwa modeli kulingane na vipimo vilivyochukuliwa kwenye ghuba yenyewe. Siku nzima ya mawimbi ya kujaa na kupwa ilipita humo kwa muda usiotimia dakika 15.

Katika Ghuba ya San Francisco hakuna msitu wa shaba. Kina cha modeli si sahihi, sakafu yake si sahihi, na miteremko yake ingemfanya jaji yeyote wa mashindano akatae kuitazama. Ilionyesha, hata hivyo, kwamba mpango wa Reber usingefaa, na mpango ukaachwa. Wajenzi walijua ni kipi lazima kiwe cha kweli, nacho ni mwendo wa maji, wakavitoa vingine vyote sadaka kwa ajili yake, kisha wakaupima mwendo huo dhidi ya ghuba halisi kabla ya kumtaka mtu yeyote auamini. Mhandisi William Froude alikuwa amefanya jambo la ukoo huo huo nchini Uingereza katika miaka ya 1870, alipokokota mabodi ya meli yaliyotengenezwa kwa nta ya parafini ndani ya tangi refu. Nguvu ya hoja yake ilitokana na ukweli kwamba meli kamili, HMS Greyhound, nayo ilikokotwa baharini na vipimo vyake vikalinganishwa na vya modeli.

Katika modeli za majengo, kishawishi huja kwa sura nyingine. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anapaswa kuwa na milimita 17 katika skeli ya 1:100. Weka sanamu za watu zenye milimita 15 tu, na ukumbi utapanuka machoni pa mteja bila ukuta hata mmoja kusogezwa. Panda miti mikubwa yenye majani tele mahali ambapo miche itahitaji miaka ishirini kufikia kimo hicho, au liondoe jengo la jirani litakalokinga jua la mchana, na mradi utaonekana wa kupendeza. Kuacha kitu kwa sababu skeli hailibebi jicho mpaka kukiona ni weledi. Kukiacha kwa sababu kingemfanya mtazamaji aulize swali gumu ni jambo jingine kabisa, na mjenzi hawezi kujitetea kwamba yeye ni mkono tu wa msanifu. Aliyeikata sanamu ya mtu ndiye anayejua ina milimita ngapi.

Kiwango cha umaliziaji nacho huzungumza. Mwaka 1673 na 1674 msanifu majengo Christopher Wren alitengenezewa modeli ya kanisa la Mtakatifu Paulo la London, ya mbao za mwaloni na plasta, yenye urefu wa zaidi ya mita sita, ambayo ipo hadi leo. Pamoja na fahari yake yote usanifu huo haukukubaliwa, na inasimuliwa kwamba Wren aliazimia asionyeshe tena modeli hadharani. Sidhani kama waseremala wake walikosea popote. Lakini ninapoona modeli ya mradi ambao bado unafikiriwa, ikiwa na vigae vyenye rangi kamili na taa zinazowaka, najua kikao kitajadili rangi ya vigae. Kadibodi nyeupe tupu ingewafanya wajadili mahali pa mlango. Mweledi humwambia mteja jambo hilo mapema, hata kama kadibodi itampa malipo madogo zaidi.

Upande wa modeli za kihistoria kuna deni zito zaidi, kwa kuwa baada ya miaka michache watu husahau kwamba modeli ilijengwa na mtu aliyekuwa akikisia, wakaanza kuinukuu kama ushahidi. Mchoro wa kiwanda huonyesha meli ilivyokusudiwa, wala si lazima uonyeshe ilivyotoka baharini baada ya ukarabati wa mara tatu. Picha za zamani zisizo na rangi ni mtego mwingine: filamu za aina ya othokromatiki hazikuhisi nyekundu, hivyo nyekundu, na mara nyingi njano pia, hutoka nyeusi, ilhali buluu hutoka hafifu; anayesoma rangi kutokana na weusi wa picha bila kujua filamu iliyotumika anaweza kuipaka ndege nzima kinyume. Kwa hiyo kazi ya mweledi haimaliziki bila faili: kipi kimetoka kwenye mchoro, kipi kwenye picha, kipi ni makisio, rangi gani na gundi gani zimetumika wapi. Ninalihesabu faili hilo kuwa sehemu ya modeli sawa na kitako chake, na ningependa wanunuzi wagome kupokea kazi isiyo nalo.

Faili hilo hilo litamfaa fundi atakayeikarabati modeli baadaye. Kwa muda mrefu nanga, mizinga na vifaa vidogo vya modeli za meli vilitengenezwa kwa madini ya risasi, kwa sababu huyeyuka kwa urahisi na hushika umbo vizuri. Ndani ya kabati la kioo lililofungwa, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao kama mwaloni na kwenye baadhi ya gundi na rangi huila risasi hiyo, ikawa unga mweupe unaomomonyoka ukiguswa. Modeli iliyopendeza siku ya kukabidhiwa inaweza kuwa imekwisha kuandikiwa kifo chake ndani ya kabati lake lenyewe.

Wapo wanaosema mashine zimeumaliza mjadala huu, kwamba printa ya 3D na kikataji cha leza havikosei. Mimi naona vimeufanya mkali zaidi. Kompyuta hupunguza kila kitu kwa uwiano bila aibu yoyote: ukuta wa milimita 150 katika skeli ya 1:500 unakuwa milimita 0.3, kioo cha milimita sita kinakuwa karibu na si kitu, na kipande kinachotoka printani huvunjika kikisafishwa. Lazima mtu akae na faili la msanifu na kuamua ni nini kinenepeshwe, nini kiunganishwe na nini kifutwe. Leza huacha kingo zilizoungua rangi ya kahawia na hula sehemu ya upana wa mbao kila inapopita, na vipande mia vilivyokatwa bila kuhesabu upotevu huo havikutani mwishoni.

Ndiyo maana namna mjenzi anavyotaja bei hunieleza mengi kumhusu kuliko albamu ya picha zake. Mweledi huuliza kwanza: modeli itatazamwa na nani, wakiwa wamekaa au wamesimama, itapigwa picha kwa karibu au la, maana lenzi huingia mahali ambapo jicho halifiki, itasafirishwa ndani ya nini, na mlango wa chumba itakamowekwa una upana gani, usanifu unaweza kubadilika usiku wa mwisho, na kama ni hivyo, ni sehemu zipi zijengwe ziweze kung'olewa bila kubomoa nyingine. Mteja asipokuwa na majibu, ambalo ni jambo la kawaida, hujengewa kwanza kipande kidogo kisichozidi kiganja, kwa viwango viwili tofauti vya utondoti, vikawekwa mezani kwa umbali ambao modeli yenyewe itatazamwa, akachagua kabla ya ubao wa kazi kubwa kukatwa.