Jiwe la Pwani halijasema msijali

Kila mjadala wa tabianchi ukianza lazima atokee mtu wa kusema aah, bahari inapanda na kushuka toka enzi na enzi, msitutishe. Mimi kwenye kupanda na kushuka sibishi hata kidogo, ushahidi wenyewe tunaujengea nyumba.

Angalia jabali lililobeba Fort Jesus pale Mombasa, au tofali la jiwe linalotoka kwenye timbo lolote la Kilifi. Sogea karibu kabisa, utaona vitundu vyenye miale kama nyota. Hayo ni matumbawe, yaani mnyama wa baharini ambaye hakui nchi kavu, sasa amefikaje huku juu? Ama ardhi imeinuka ama maji yalikuwa juu, na wataalamu huwa wanapima yote mawili. Tumbawe likiwa hai linanyonya urani, yaani madini yenye mionzi yaliyoyeyuka kwenye maji ya bahari, kisha ile urani inageuka madini mengine yaitwayo thoriamu polepole kwa kasi inayojulikana, basi ukipima zote mbili unapata umri. Miamba ya hivi ya nchi mbalimbali za joto inaonyesha kwamba miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu ya hii ya leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Na dunia wakati huo ilikuwa na joto kidogo tu kuzidi kabla ya viwanda!! Hapo ndipo wale wa "msitutishe" wananishinda, maana ushahidi wanaoutegemea ndio unaotisha.

Halafu ikashuka. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi yaliganda kuwa barafu huko kaskazini na kusini, bahari ikawa chini kwa mita zaidi ya 100, Unguja ikaungana na bara kwa sababu mkondo wa katikati ni mfupi wa kina. Ndiyo maana pango la Kuumbi kule Jambiani limetoa mabaki ya punda milia, na hao hawakuja kwa boti ya Azam. Pemba yenyewe ilibaki kisiwa, mkondo wake una kina kirefu mno.

Tofauti ni kwamba yule punda milia hakuwa na hati ya kiwanja, maji yakipanda anahama tu, sisi tuna bandari, visima vya maji matamu na makaburi ya wazee. Kwa hiyo ukinitajia historia ya bahari nitajie yote, na mita zake.