Historia ya Mau Mau: tuamini mafaili ya mkoloni ama maneno ya wazee?

Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili vya Mau Mau, wale wapiganaji waliopinga utawala wa Mwingereza Kenya, kimoja cha David Anderson wa Oxford na kingine cha Caroline Elkins wa Harvard, na mpaka leo ukivitaja mbele ya watu wa historia ubishi hauishi. Vyote vinaongelea hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952, ila kila mmoja alipita njia yake. Anderson alijifungia na mafaili ya kesi za walionyongwa, watu zaidi ya 1,000, akafuatilia nani alishtakiwa kwa kosa gani na shahidi alisema nini. Elkins naye alisoma mafaili lakini akaona yana mapengo makubwa mno, akaenda kwa wazee na akina mama waliopitia kambi za kizuizini na vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wakamweleza habari za viboko, wanaume kuhasiwa, wanawake kuingiziwa chupa za maji moto.

Wasomi wengi walimshukia Elkins, na si wote walikuwa wanatetea mkoloni. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wetu mkubwa, alimlaumu kwamba haoni unyama wowote upande wa Mau Mau, na hapo mimi naona mzee alikuwa na hoja nzito, maana usiku mmoja wa Machi 1953 huko Lari, Kiambu, familia zilichomwa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto, na waliochoma ni Mau Mau, Waafrika wenzao. Halafu kuna zile hesabu. Elkins alilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962 akasema Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walipo, lakini 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, akapiga hesabu upya akapata vifo kama 50,000 hivi, karibu nusu watoto wa chini ya miaka 10. Sasa 50,000 ni msiba mkubwa sana, kwani kulikuwa na haja gani ya kuongeza? Ukitaja namba isiyosimama unampa anayekukana nafasi ya kutupa na yale ya kweli uliyoyasema.

Lakini mambo ya mateso ni habari nyingine. Waliompinga Elkins kwa kusema "lete karatasi" walisahau kitu kimoja kikubwa, kwamba karatasi ziliandikwa na mshtakiwa mwenyewe, yaani mkoloni, na kabla ya uhuru alizichoma nyingi na nyingine akazisafirisha kwao. Yaani unamwambia bibi aliyeteswa alete ushahidi ambao mtesaji ndiye ameuficha! 2009 wazee walipofungua kesi London, Anderson na Elkins pamoja na mwanahistoria mwingine, Huw Bennett, wakawa mashahidi wataalamu, na kesi ikibana ndio serikali ya Uingereza ikakiri 2011 kwamba kuna mafaili kama 1,500 ya Kenya yamekaa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo huko Uingereza, miaka yote hiyo. Humo yakaonekana mambo ambayo wazee walikuwa wameshayasema. Eric Griffith-Jones, mwanasheria mkuu wa koloni, alimwandikia gavana 1957 kwamba kama ni lazima watende dhambi basi watende kimya kimya. Juni 2013 Uingereza ikaeleza majuto yake na kukubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo.

Kwa hiyo kwenye mateso wazee walikuwa sahihi na Elkins alifanya vizuri kuwasikiliza, hilo nalisema bila kusita. Ila mahakama haiendi kama kitabu. Kesi ya pili ilikuwa na walalamikaji zaidi ya 40,000, mafaili yameshafunguliwa na vitabu vipo, na bado 2018 jaji akaitupa kwa sababu muda uliopita ni mrefu mno kuwezesha kesi ya haki. Hoja hiyo inauma lakini ina uzito wake, mtu akituhumiwa kwa jambo la 1954 na aliyekuwa msimamizi wa kambi ameshakufa nani atajibu? Ila na hawa wazee wangeshtaki lini wakati Mau Mau ilikuwa marufuku kisheria hapa hapa Kenya mpaka 2003, mtu anaogopa hata kumsimulia mjukuu wake?

Kazi iliyobaki naiona ni ya vyuo vyetu, kwa sababu wanafunzi waliozaliwa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru wanaielewa lugha ya mzee bila mkalimani. Wamrekodi mzee sasa hivi, na tarehe na jina la kambi viandikwe, na rekodi nzima iwekwe mahali ambapo msomi mwingine anaweza kuisikiliza akapinga akitaka, isiwe mistari miwili tu iliyochaguliwa na mwandishi. Na wahojiwe pia waliokuwa homgadi, yaani Waafrika waliolinda upande wa mkoloni, na familia zao pamoja na watu wa Lari, hata kama majirani hawatapenda.