Kwani nimekutaja?

Huku Tanga, anayesema jambo waziwazi hakawii kuambiwa hana adabu, hakufunzwa kwao. Fumbo ndilo husifiwa kuwa ungwana. Nadhani sifa hiyo imezidi.

Fumbo lina haki yake, sikatai. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na mji huu mwaka 1909, aliandika chini ya utawala wa Waingereza, na katika Kusadikika akaizungumzia dhuluma kwa kubuni nchi iliyo angani. Mnyonge mbele ya mwenye nguvu atasemaje vinginevyo? Na katika nyumba za Ngamiani, vyumba sita, ua mmoja, leo mmegombana na kesho mwaazimana chumvi. Hapo neno kali laweza kuwakosesha watu pa kurudia.

Lakini majirani wawili walio sawa, wanafumbiana kwa kumwogopa nani?

Chukua mama anayejitanda khanga ya "Hasidi hana sababu" akapita uani mara tatu. Wanawake watatu wanaojifulia watajiuliza wote, ni mimi? Wawili wataumia bure. Aliyekusudiwa pengine hata hakuiona. Na yule atakayejitia moyo kuuliza, jibu analijua kabla hajafungua mdomo: "Kwani nimekutaja?" Amenyamazishwa. Ameshitakiwa bila kuambiwa kosa, na akijitetea, kule kujitetea kwake ndiko kunakofanywa ushahidi. Kwenye taarabu ni hivyohivyo: mtu huinuka na noti yake kumtunza mwimbaji, jicho kwa hasimu wake, na hasimu hana la kufanya ila kusubiri ubeti wake. Huo ndio ungwana?

Wanaosema maneno ya wazi si mila yetu wanamsahau kungwi. Ndani kwa mwari, kila kitu hutajwa kwa jina lake, na hakuna anayemwona kungwi mtovu wa adabu, kwa kuwa anataka mwari aelewe.

Mtu akikwambia usoni, "Dada, hujatoa hela ya upatu mwezi huu," utachomwa moyo, naam. Ila neno limesemwa na mtu, kwako, juu ya jambo linalojulikana, na unaweza kujibu: "Nimetoa tangu Ijumaa, muulize kijumbe." Kijumbe akaitwa, daftari likafunuliwa palepale uani. Kwa khanga, wangenuniana mpaka Mfungo Mosi, na hela ipo kwa kijumbe.