Hacienda za Yucatán sio nyumba za harusi tu

Hizi hacienda, yaani mashamba makubwa ya zamani yenye jumba la tajiri, za jimbo la Yucatán huko Mexico siku hizi zimekuwa mahoteli, watu wanafungia harusi pale, mapicha mtandaoni yamejaa matao, bustani na kuta za rangi nyekundu. Ni nzuri kweli sikatai. Kinachoniuma mimi ni mgeni kuonyeshwa jumba la tajiri mwanzo mwisho alafu habari ya deni haiguswi kabisa.

Maana deni ndo lilikuwa linaendesha kila kitu pale. Enzi za Porfirio Díaz, rais wa Mexico aliyetawala mpaka 1911, mashamba haya yalikuwa ya henequén, ndugu wa mkonge wetu wa Tanga, kamba zake zinaenda Marekani kufungia ngano kwenye mashine za kuvunia. Anayekata majani juani ni Mmaya, mwenyeji wa asili wa pale, na sehemu nyingi halipwi hela ya kawaida, anapewa vibati vya shamba mfano wa sarafu ambavyo vinapokelewa kwenye duka la shamba hilohilo basi, mahindi hapohapo, nguo hapohapo, akitaka kuoa anakopeshwa na bosi, mtoto akiumwa anakopa tena, na ukishakuwa na deni huondoki, ukitoroka unasakwa unarudishwa na viboko juu. Shamba likiuzwa mnunuzi anachukua na madeni, yaani anachukua na watu. Na Mexico ilishafuta utumwa tangu 1829 jamani! Wayaqui wa Sonora, kule kaskazini, waliokuwa wanapigania ardhi yao, serikali iliwakamata ikawaleta hukuhuku kwa maelfu, wengi wakafia shambani. Hela yote ikaenda kujenga yale majumba ya Paseo de Montejo mjini Mérida.

Mwaka 1915 jenerali Salvador Alvarado akaingia Mérida na jeshi la mapinduzi, yale madeni yakafutwa kweli. 1937 rais Lázaro Cárdenas akagawa mashamba kwa wanakijiji, tajiri akabakiziwa jumba na kipande cha shamba, ndo maana leo kuna jumba la kugeuza hoteli.

Na wanakijiji bado wapo, Wamaya walewale, wengine ndo wanaotandika vitanda vya hizo hoteli. Kwahiyo wenye hoteli wafungue lile duka, waweke vile vibati na madaftari ya madeni mgeni ayaone, na kazi ya kusimulia wapewe watu wa hapo kijijini, kwa mshahara wa maana.